Safari ya Kukwepa Kisu

Jumatatu, 4 Agosti. Malaba.

Mandazi zimeungua tena. Kosa langu. Mama hawezi kuinua mkono wa kushoto, kwa hivyo mimi ndiye ninayekaanga na yeye anakaa kwenye kiti akinielekeza. Punguza moto. Geuza hiyo. Si hiyo. Bahati nzuri foleni ya malori leo imefika mbali, na dereva aliyelala kwenye foleni hachagui mandazi.

Shule imefungwa. Wenzangu wameenda kwa nyanya zao. Mimi niko hapa na karai la mafuta.

Mama amevaa leso mbili. Moja anaifunga kifuani, anaikaza kabisa, halafu nyingine juu yake. Anafikiri sijui ni ya nini. Najua. Kuna harufu.

Jumatano, 6 Agosti

Wacha niandike yote, maana hakuna mtu wa kumwambia.

Mama ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulianza mdogo kama njugu. Likizo ya Aprili alienda hospitali ya Kocholia, daktari akataka apimwe, majibu yakaja: saratani. Titi likatwe haraka. Haraka ndilo neno daktari alilotumia. Mama alitueleza tukiwa mezani. Baba akanawa mikono kabla hajamaliza kula, akasema hakuna mtu atakayemkata mke wake.

Ni kwa sababu ya shangazi Apolot, dada yake. Huyo aliingia chumba cha upasuaji akitembea na miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Baba ndiye aliyempeleka. Ndiye aliyemwambia asiogope. Tangu siku hiyo ukitaja upasuaji mbele yake anatoka nje anaenda kupiga magurudumu ya lori teke, eti anaangalia upepo.

Na mama hakubishana. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Mama anayeweza kugombana na dereva wa trela kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai! Kwa hili akanyamaza. Sasa ni Agosti na uvimbe umepasua ngozi.

Leo baba amesema likizo hii anatubeba sote kwa lori. Dereva mwenzake amemwambia kuna mchungaji Lodwar, akiombea saratani inakauka. Na huko kukishindikana, kuna mama wa mitishamba juu Elgon. Ameileta hiyo habari nyumbani kama mtu aliyenunua nyama. Akisa, mdogo wangu, ameruka mpaka akamwaga unga.

Ijumaa, 8 Agosti. Busia.

Tumeshinda tukingoja lori lijazwe. Ndizi kutoka ng'ambo ya mpaka, omena, mihogo iliyokaushwa. Lori si la baba, ni la Mzee Salim mwenye duka la jumla. Alipotoka swala ya Ijumaa akamwona mama akisaidiwa kupanda. Akamvuta baba kando. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimwambia huyu mama ni wa hospitali, na kama shida ni gari, gari ni hili hapa, ndizi zitasubiri. Baba akasema asante boss, tumeshapanga.  Mzee Salim alimnunulia Akisa soda akarudi dukani.

Nimekutana na Nekesa wa darasa letu. Mama yake anauza mitumba hapa. Ameona wivu waziwazi. Eti mimi nitaona jangwa na mlima likizo moja, na yeye ataona tu nguo za watu. Nikamwambia ndiyo, tunatembea. Nikajisikia vibaya, kwa sababu moyoni nilikuwa nafurahi. Miaka yote nimelilia kupanda hili lori.

Jumapili, 10 Agosti. Barabarani.

Kitale baridi. Kapenguria baridi zaidi. Halafu barabara inashuka milimani, kona juu ya kona, na joto linakuja usoni kama umefunua sufuria. Akisa ametapika.

Mama hajawahi kupita Bungoma. Anauliza jina la kila kitu. Huu ni mti gani. Hawa wanakula nini. Baba anajibu kila swali, pole pole. Sijawahi kumsikia akimwongelesha hivyo. Akisa ameona ngamia akasema huyo ni ng'ombe aliyekosewa. Mama alicheka, halafu akashika kifua na kunyamaza mpaka Lokichar.

Mji mdogo, vumbi, mbuzi barabarani. Tumekunywa maji ya moto. Si ya kuchemsha. Ya jua tu.

Jumatatu, 11 Agosti. Lodwar.

Mchanga kila mahali. Mpaka kwenye meno. Kuna mto usio na maji, ni mchanga mtupu, wanawake wanachimba ndani yake wanachota kwa vikombe.

Tumefikia kwa Bibi Nakiru, mjane, baba humletea omena kila safari. Hajui Kiswahili kingi lakini tunaelewana. Ajabu! Watoto hapa wanamwita mama yao toto, kama sisi Wateso. Maji sisi tunasema akipi, wao ngakipi. Mama amefurahi. Amekaa na Bibi Nakiru kivulini wakitafuta maneno, hili mnaitaje, hili je. Amesema hawa ni watu wetu, walibaki tu nyuma njiani. Baba ameona hiyo furaha akanikonyeza, kama kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Kabla ya kula mama aliomba. Alimwita Edeke, jinsi anavyomwita kila asubuhi akiwasha moto. Edeke ndiye Mungu, kwa lugha yetu. Bibi Nakiru alimtazama vibaya na kuvuta bakuli lake pembeni. Sikuelewa kwa nini.

Jumatano, 13 Agosti



Maombi yalikuwa chini ya mabati, watu wengi, joto la kuua. Mama akalazwa kwenye mkeka katikati. Mchungaji alikuwa anaomba kwa Kiturkana, akichanganya Kiswahili. Akaanza: Edeke, toka! Toka ndani ya huyu mama! Na watu wote wakaitikia. Edeke, toka! Edeke, toka!

Mama akafungua macho. Akawaangalia mmoja mmoja. Akaketi.

"Mnamtoa Mungu?" akasema. "Mkimtoa, mimi nibaki na nani?"

Mchungaji akapaza sauti kwamba mnasikia, ni ugonjwa wenyewe unaongea, unakataa kutoka. Wakamshika. Wanaume wawili mabegani, mchungaji mwenyewe akakandamiza kifua. Kifua hicho hicho. Mama alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Baba alikuwa amefumba macho, anaomba. Nilimvuta shati mpaka kifungo kikang'oka ndipo akafumbua.

Ni Bibi Nakiru aliyeingia katikati na fimbo yake akawatawanya.

Nje, kwenye mchanga, ndipo alipotueleza. Kwao Mungu ni Akuj. Edeke, kwa Kiturkana, ni ugonjwa. Basi. Juzi alidhani mama anaita ugonjwa uje kwenye chakula chake. Na leo mama alidhani kanisa zima linamfukuza Mungu kutoka kifuani mwake.

Mama alipoelewa akaanza kucheka. Bibi Nakiru akacheka. Hata mimi nilicheka, siwezi kudanganya. Halafu nikaona leso ya juu imelowa damu, na mama alikuwa hacheki tena, alikuwa analia.

Mchungaji ametuma mtu kwamba turudi kesho. Mama amesema hapana. Baba amesema basi, twende mlimani. Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo, nimemchukia.

Ijumaa, 15 Agosti. Elgon.

Lori tumeliacha Kapsokwony likipakiwa viazi. Kutoka hapo ni pikipiki, halafu miguu. Mvua. Matope mekundu. Mama alipumzika kila kona na baba akamwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia.

Kijiji kiko juu kabisa. Wingu linaingia nyumbani kwa mlango bila kubisha. Akisa anasema ni moshi usiochoma. Jana jasho, leo tunajifunika magunia.

Mama wa mitishamba ni mpole. Alitazama kidonda, akapumua, akasema atajaribu. Amepaka majani yaliyopondwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Majani yanaunguza. Mama ameng'ata leso siku nzima. Baba amekata kuni za mwenye nyumba tunakolala mpaka zikaisha, akaanza kukata za jirani.

Jumapili, 17 Agosti

Leo mama ameongea.

Baba alikuwa anamwambia dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi, avumilie hadi katikati ya wiki. Mama akafungua leso mbele yetu sote. Zote mbili. Akisa alikuwepo. Mwenye nyumba alikuwepo. Nimeona kitu ambacho baba amekuwa akikataa kukiangalia tangu Aprili, na safari hii alikiangalia, hakuwa na pa kwenda.

"Baba Amoit, unaogopa kisu," mama akasema. "Na hiki nacho kinanifanya nini?"

Baba akasema Apolot. Jina tu. Mama akamwambia anajua, na alimpenda Apolot, lakini yeye si Apolot, na amechoka kutembezwa. Anataka kukatwa. Kama ni kufa afie huko, na kama ni kupona aje akaange mandazi zake, maana mimi, Amoit, nimeshaharibu jina lake Malaba nzima.

Nilitaka kucheka. 

Baba alitoka nje kwenye mvua. Hakukuwa na gurudumu la kupiga. Alirudi amelowa, akaniambia nifunge nguo.

Jumatano, 20 Agosti. Eldoret.

Hospitali kubwa. Tumelala hapa kwenye mabenchi. Mzee Salim alipigiwa simu kuhusu viazi, akasema viazi vikioza vioze.

Wamempima, wamempiga picha mwili mzima. Daktari ni kijana, ana sauti ya chini. Akatuita baba na mimi, kwa sababu baba alikataa kuingia peke yake. Akasema saratani imefika kwenye ini na kwenye mifupa. Kukata sasa hakutasaidia. Watampa dawa za maumivu na watamsafisha kidonda, na turudi naye nyumbani.

Baba akamwambia, lakini mimi nimekubali. Akarudia. Nimekubali mumkate. Kana kwamba ruhusa yake ndiyo ilikuwa inasubiriwa.

Nikauliza, kama tungekuja Aprili? Daktari alimtazama baba, akanitazama mimi, akasema tuangalie ya leo. Basi nimepata jibu langu.

Mama alikuwa kitandani amevaa nguo za hospitali, safi, bila leso. Aliuliza ni lini wanakata. Baba ndiye aliyemwambia. Nilitoka, sikutaka kuona.

Jumamosi, 23 Agosti. Malaba.

Tumerudi. Majirani wanakuja na sukari na kuku. Wanaongea na mama kama mtoto. Nekesa alituma salamu kutoka Busia, anataka kujua jangwa likoje. Sijamjibu.

Baba hapandi lori. Limeegeshwa mbele ya nyumba. Hakuna anayemtazama baba, na mimi ndiye wa kwanza kugeuza uso.

Jumapili, 31 Agosti

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Natoka mapema, nakaanga chache, naenda. Haziungui siku hizi. Mama hajaonja hata moja. Uji anauweza, kidogo.

Leo mchana godoro lake tulilitoa barazani aone watu wakitoka kanisani. Akisa alilala miguuni pake. Nilikuwa nampaka mafuta mikono, na nikasema nilichotaka kusema tangu Lodwar. Kwamba simsamehe baba. Kwamba alizungusha lori mpaka muda ukaisha.

Mama alifumba macho, nikadhani amelala. Dawa za maumivu humfanya hivyo.

"Mimi pia niliogopa, Amoit," akasema. "Aliposema hapana, nilishukuru. Tulikuwa wawili. Usimbebeshe peke yake."

 Nilimaliza mkono mmoja nikaanza wa pili. Mikono yake imekuwa miepesi, mafuta kidogo tu yanatosha. Baadaye aliniuliza kama nakumbuka wale wanawake waliokuwa wanachimba maji mchangani, na jinsi maji yalivyotoka safi. Nikasema nakumbuka. Akasema hakujua kama angewahi kuona kitu kama kile. Halafu akalala kweli.

Jioni nimempelekea baba chai. Alikuwa amekaa ndani ya lori, mlango wazi, injini imezimwa. Nilipanda nikakaa. Aliuliza kama mama amekula. Nikasema vijiko viwili. Akasema sawa. Sikushuka. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa, yeye hajainywa, na mimi sikumwambia ainywe.