Tungi Jekundu la Paani

Jumatatu, 5 Januari

Nimepima tena. Ndoo moja ya maji moto, bafu la ghorofani: dakika kumi na nne kujaa. Jana kumi na tatu. Sababu ni ile ile. Tangi la maji baridi liko paani, juu kidogo tu ya bomba la bafu, na maji hayana nguvu nyingine ila uzito wake yenyewe. Kimo kidogo, nguvu kidogo. Nilifundisha jambo hili miaka thelathini na nne, na jioni nikirudi nyumbani nilikuwa naoga kwa kopo.

Zuhura, binti yangu mdogo, ana mimba ya miezi tisa. Amekuja kwetu Malindi kujifungua, kama ilivyo desturi. Akijaliwa atakaa ghorofani siku arobaini, akikandwa kwa maji moto asubuhi na alasiri. Dada yake alipozaa, maji yalichemshwa chini na mama yao, mke wangu, akayapandisha kwa ndoo. Siku ya tisa aliteleza kwenye ngazi. Mguu wa kushoto una kovu mpaka leo. Nimemwahidi kwamba safari hii hatabeba ndoo hata moja. Amecheka. Si kicheko cha mtu aliyeamini.

Jumatano, 7 Januari

Kazungu amefika kutoka Tezo na mfuko wake wa spana. Alikuwa mwanafunzi wangu wa fizikia. Sasa ni fundi bomba mwenye mvi, na bado husimama nikiingia.

Tumeng'oa mtambo wa zamani. Niandike ulivyokuwa, maana hautakuwepo tena. Jua hupasha maji kwenye bamba jeusi, maji moto hupanda pipani. Maji yakipata moto huvimba, na yakivimba lazima yapate pa kwenda. Kwa hiyo pipa lilikuwa na bomba refu lililo wazi, limeinama juu ya tangi kama shingo ya korongo. Yaliyozidi yalitokea hapo. Mtambo mpole. Haudhuru mtu, wala hausukumi kitu.

Mpya utafungwa pande zote na kusukumwa na pampu. Pipa la zamani ni bati jembamba, lingepasuka. Nimenunua la chuma kinene. Kazungu aliyasikiliza maelezo haya yote akiwa na bomba zito begani. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akingoja nimalize ili alitue.

Ijumaa, 9 Januari

Tungi la upepo limeletwa kutoka Mombasa. Jekundu, la mviringo. Ndani lina kibofu cha mpira: upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Maji yakivimba hubana upepo, na kwa kubanwa upepo huyapa nafasi. Kazi ya lile bomba la wazi sasa ni ya tungi hili. Mke wangu amelizunguka, akamtazama Zuhura, akasema, "Hili ndilo litakalozaa kwanza." Zuhura amecheka mpaka akatafuta kiti.

Jumapili, 11 Januari

Tumemaliza. Pampu, vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, tungi, kipimo cha presha. Mwisho vali ya usalama. Presha ikifika sita hufunguka yenyewe na kutoa maji nje, kupitia bomba dogo linaloishia ukingoni mwa paa, juu ya kichochoro.

Kabla ya kufungulia maji Kazungu aliuliza, "Tungi tayari, Mwalimu?" Nikamjibu tayari. Akafungulia.

Sindano ya kipimo ilisimama kwenye tatu. Ndoo ya ghorofani: dakika moja na nusu. Nilimwita mke wangu aje aone. Alijaza, akamwaga, akajaza tena. Kisha akashuka ngazi akiipunga mikono yake mitupu, makusudi, ili nione.

Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu wa miaka sabini na mmoja.

Jumanne, 13 Januari

Mtoto wa kike, alfajiri, hospitalini. Mama na mwana wazima, alhamdulillahi. Kesho wanarudi. Siandiki zaidi, naitwa kula halua.

Alhamisi, 15 Januari

Bi Rukia amehamia ghorofani. Ndiye mkandaji, amewakanda wazazi wa mtaa huu tangu binti zangu hawajazaliwa. Sheria yake ya kwanza: mwanamume asiye wa nyumba hii hapandi mpaka arobaini itimie. Ngazi ya paani nayo inapita mlangoni mwa Zuhura. Mimi mwenyewe napiga hodi na kukohoa mara tatu.

Kisha akalikagua bomba langu. Alitia kidole, akakitoa haraka. "Moto upo," akasema. "Dawa haipo." Tumeafikiana. Majani atayachemsha huko huko juu, kwa sufuria ndogo kwenye jiko la gesi, na maji mengine yote yatatoka bombani. Hakuna ndoo iliyopanda ngazi leo.

Adhuhuri nimesikia tone. Vali ya usalama inadondosha. Sikulipenda.

Ijumaa, 16 Januari

Inadondosha kila jua likipanda. Tone limemwangukia jirani yangu Omari begani, amevaa kanzu nyeupe, yuko njiani kwenda kusali. Akaita kutoka chini, "Mwalimu, maji gani haya? Niende nayo au nirudi nikabadilishe?" Nikamweleza kuwa ni maji ya bomba, ni twahara, yanatoka kwa sababu yamevimba, na kuvimba huko kunatokana na joto ambalo... Hapo akanikata. Akasema hotuba iko msikitini, hahitaji mbili.

Nimeona haya. Bi Rukia alisikia yote dirishani.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika haya usiku, pampu imezimwa.

Asubuhi hapakuwa na tone. Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani vali imejirekebisha. Vitu havijirekebishi. Saa tano nilipanda paani. Sindano imepita saba. Mdomo wa lile bomba dogo umezibwa kwa kijiti kilichoviringishwa kitambaa na kukazwa kwa waya. Kazi safi kabisa. Na pipa liko juu ya chumba alimolala Zuhura na mtoto.

Nilipiga ukelele watoke chumbani. Nikawaambia wafungue maji moto bafuni mpaka mwisho, yamwagike tu. Nikazima pampu, nikatandaza mkeka juu ya bamba kulizuia jua. Sindano ikashuka. Sita. Nne. Moja. Ndipo nikang'oa kizibo.

Bi Rukia hakukana. Alikiweka alipopanda kuanika nepi, ili jirani asilowe na mimi nisiaibike. Kwake, chombo kikivuja huzibwa. Sikuweza kumgombeza. Tangu alipofika nimemweleza habari za jua, pampu na tungi. Habari za bomba lile dogo la vali sikumweleza. Nilimweleza leo. Aliketi chini polepole. Akaniomba radhi, nami nikamwomba yeye.

Sijui kwa nini vali inavuja, kwa hiyo sithubutu kuwasha. Alasiri mke wangu alichemsha maji chini. Nilishika ndoo mimi, maji yakachezacheza hata akaninyang'anya. Akapandisha mbili. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Nilisimama chini nikihesabu hatua zake.

Jumapili, 18 Januari

Kazungu amekuja na basi la kwanza. Juu hawezi kupanda, Bi Rukia hakulegeza sheria hata kidogo. Basi fundi akasimama kichochoroni, mimi paani, tukaongea kwa kupaza sauti. Madirisha yote yakafunguka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Vali inavuja kila siku adhuhuri."

Akauliza, kwa adabu iliyoniuma, "Tungi ulilitia upepo kiasi gani?"

Sikulitia. Niliamini limekuja na upepo wake. Nililigonga kwa kidole, likalia, nikatosheka. Bila upepo kibofu hujaa maji tangu mwanzo, na maji yakivimba hayana pa kwenda ila kwenye vali. Vali haikuwa mbovu. Ilikuwa ikinieleza tangu Alhamisi.

"Mbona hukulipima?" nikamuuliza.

"Nikukague wewe, Mwalimu?"

Omari alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. "Mwalimu kafeli," akatangaza, "na msahihishaji kaogopa kuandika sifuri." Kichochoro kizima kilicheka. Nami nilicheka, nilipoweza.

Kazungu akaniongoza. Kwanza mwaga maji mpaka sindano ilale kwenye sifuri, maana upepo haupimiki huku maji yanasukuma upande wa pili. Omari akatoa pampu ya baiskeli na kipimo cha magurudumu, vikapanda kwa kikapu na kamba. Tungi lina kinundu cha kutilia upepo, sawa na cha gurudumu. Nikapampu, nikapumzika, nikapampu. Omari akihesabu kwa sauti kubwa na kuniibia namba: kila nikifika ishirini yeye husema kumi na tano. Kipimo kikafika karibu na tatu. Kazungu akasema inatosha.

Nikafungulia maji. Tatu. Alasiri, bamba likiwa la kuunguza, tatu na nusu. Hakuna tone. Nimeketi kando ya kipimo saa nzima kama mlinzi.

Kabla hajaondoka nimemwambia Kazungu: kuanzia leo unikague. Amesema atajaribu.

Alhamisi, 22 Januari

Tatu na nusu. Kukavu.

Alasiri Bi Rukia alianza kazi yake. Maji yalisikika ukutani, yakakoma, yakasikika tena. Mtoto alilia kidogo akanyamaza. Mke wangu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la chini, miguu juu ya mto, buibui limeanguka sakafuni. Saa kumi ikapita. Kumi na nusu. Zuhura aliita kutoka juu kuuliza mama yuko wapi. Nilipanda ngazi hadi katikati, nikamjibu kwa sauti ndogo.

Amelala.