Ghriba za Nazi, Idi ya Kwanza Ukweni

Mjukuu wangu Zaituni,

Hatujambo huku Quionga, mwanangu ameota jino. Usinicheke kwa ujana wangu. Babu yako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi bibi yako.

Unauliza ghriba, zile biskuti za nazi za Moroko. Nilizipika Idi yangu ya kwanza ukweni, nikitaka mama mkwe aniachie jiko. Nazi nikaikuna, nisiikamue tui. Biskuti zikatandaa sinia zima.

"Mwali, uji huu tutaunywa na nani?" mama mkwe akauliza.

Nikalia. Akakuna nazi nyingine, akaikamua, machicha tukayaanika juani. Tukachanganya na mayai, sukari na unga, makaa juu na chini. Zikashikana.

Wageni wakasifu. Akawaambia, "Kapika mkwe wangu."

Jiko hajaniachia mpaka leo. Tunapika wawili, nami sitamani tena aniachie.

Bibi yako, Mwanaisha