Bahati Aliniangalia, Nikanyamaza

Alhamisi, saa kumi alasiri. Mji wa Baraka, kando ya ziwa.

Mvua ilitoka upande wa rasi ya Ubwari asubuhi na sasa yamebaki manyunyu tu. Barabara ni tope tupu, hakuna anayepita. Nimekaa mezani na simu, nataka niandike kabla moyo haujageuka.

Mnaosoma ukurasa huu mmezoea habari za wanafunzi wangu na bustani yangu ya mboga za lengalenga. Kuhusu moto wa soko niliandika mistari mitatu tu, wiki sita zilizopita. Nilisema tumempoteza mwenzetu Bahati, Mungu amrehemu. Mistari ile haikuwa na uongo.

Uongo niliuandika mahali pengine.

Mjini kwetu hakuna gari la zimamoto. Tuna ziwa, ndoo, mashoka, na kikundi cha watu kumi na wanne wa kujitolea. Mimi ni wa kumi na tano. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuzima moto bandarini Kalemie alikuja akatufundisha wiki mbili katika uwanja wa shule. Watu walinichagua niwe shefu, yaani mkuu wa kikundi, kwa sababu, walisema, mwalimu amezoea kupaza sauti mbele ya watoto sitini. Tulicheka. Yule mzee hakucheka.

Alituambia kwamba penye moto shefu ni mmoja. Hata gavana akifika, ataongea na shefu, haongei na watu wake. Shefu hashiki ndoo. Anasimama mahali anapoona kote, anaangalia upepo, anahesabu watu. Mtu akiingia ndani, shefu anajua jina lake na mlango aliopitia. Na kama bado hajajua kilichomo ndani, haingii mtu yeyote.

Niliyaandika yote kwenye daftari. Nikayajua kwa moyo.

Moto ulianza Jumamosi, saa saba mchana, kwenye vibanda vya wauza petroli. Upepo wa ziwa ukausukuma kwenye mstari wa mbao na maturubai nyuma yake. Nilivaa jile langu, kizibao cha rangi ya machungwa, nikapanda juu ya meza ya muuza samaki wa ndagala. Watu sita niliwapanga kwenye mstari wa ndoo kutoka ziwani. Sita wengine niliwapa mashoka wabomoe vibanda viwili ili moto ukose njia. Walibaki wawili karibu nami: Bahati na mdogo wake, Amisi.

Bahati alikuwa mvuvi wa kijiji cha Swima. Siku za mazoezi alikuwa wa kwanza kufika, ingawa ndiye aliyetoka mbali kuliko wote. Amisi ni fundi seremala hapa mjini. Walipendana wale ndugu. Walikuwa wakitaniana hata wakibeba ndoo.

Mtu akapiga kelele kwamba Mama Apolina yumo ndani. Ni bibi anayeuza mikeka, na mchana hulala kidogo nyuma ya kibanda chake. Moshi ulikuwa umeshafunika mlango. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikamtuma Amisi azunguke upande wa nyuma akaangalie, kisha arudi aniambie. Nikamwambia Bahati asubiri.

Akasubiri.

Hapo ndipo alipofika Baba Shabani. Ni mkubwa wa wafanyabiashara wa mstari ule, na ni baba mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyesimamia posa yangu. Sijawahi kumjibu kwa sauti tangu niolewe. Hakunitazama hata kidogo. Alimshika Bahati begani.

"We ni mwanaume ao hapana? Ingia! Mama ya batu iko nakufa mule!"

Bahati akageuka, akaniangalia.

Nataka niseme hili sawasawa, maana ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Hakuniangalia kwa haraka. Aliniangalia kama mwanafunzi anayengoja mwalimu aseme. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu: hapana. Watu walikuwa wengi. Baba Shabani alikuwa amesimama. Niliona aibu kumkatalia mkwe wangu mbele ya soko zima.

Nikanyamaza.

Bahati akavuta nguo yake puani, akaingia.

Alikuwa bado hajamaliza kupotea kwenye moshi wakati Amisi alipotokea akikimbia. "Mwalimu, hakuna muntu mule! Mama Apolina iko barabarani, namuona na mikeka yake!" Nilipiga filimbi mara tatu, alama ya kutoka. Nikapiga tena. Ndani pipa la petroli tusilolijua likapasuka, na paa lote likashuka.

Amisi alitaka kuingia. Niliamuru watu wawili wamshike, na safari hiyo sauti ilitoka, ilitoka vizuri kabisa. Nilihesabu watu wangu. Kumi na watatu. Nikahesabu tena, kana kwamba hesabu ingenionea huruma.

Wiki iliyofuata ofisi ya mji iliomba ripoti. Niliandika kwa mkono wangu: "Bahati aliingia bila kungoja amri." Hakuna aliyenilazimisha. Baba Shabani hakuniomba kitu. Nilijiambia kwamba marehemu hasikii, na walio hai wana heshima ya kulinda. Nikatia sahihi, nikaenda kufundisha kugawanya.

Ningekaa hivyo mpaka lini? Sijui. Jumamosi iliyopita tulipokea wapya watatu kwenye kikundi. Amisi ndiye aliyeomba kuwaeleza sheria ya kwanza. Alisimama mbele yao, mikono nyuma, akasema, "Musikie shefu. Musifanye sawa kaka yangu. Alikuwa na kichwa nguvu, ndiyo maana alikufa." Kisha akanigeukia mimi, na jile langu mwilini, ili nithibitishe.

Nilitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, nilifanya hivyo pia.

Usiku huo sikulala, wala uliofuata. Nikiwa darasani, mtoto akininyooshea kidole kuomba ruhusa, namwona Bahati.

Jana nilipanda pikipiki nikaenda Swima. Mama Neema, mjane wa Bahati, yuko katika eda, hatoki nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage. Alifurahi kuniona, na furaha ile iliniumiza kuliko kama angenitukana. Alinikaribisha maji. Sikuyanywa. Nikamweleza kila kitu, kuanzia filimbi nikirudi nyuma, kwa sababu mwanzo ulikuwa mgumu.

Mikono yake ilisimama ndani ya sinia.

"Alikuangaliaka?"

"Ndiyo, mama. Aliniangalia."

"Na we ulinyamaza juu ya nini?"

Nikamwambia: kwa sababu ya aibu. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno mle chumbani.

Alisukuma sinia kando. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Ku masomo batoto banaambia Neema kama baba yake alikufa juu ya kichwa nguvu. Mutoto anarudi analia, na mi namwambia ni kweli, anyamaze. Mi mwenyewe. Mi nilimkasirikia mufu, Mwalimu. Nilimkasirikia mu sala."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniachia nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ipite. Kisha akasema, "Enda uandike ingine. Na usiandike tu. Sema mbele ya batu bote, sawa vile bote balisikia uongo."

Niliomba msamaha. Alirudi kwenye maharage yake, nami nikaelewa kwamba ziara imekwisha.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda ofisi ya mji, nilipita kwa Baba Shabani. Niliona si haki asikie habari hii kwa watu wengine. Nilimsomea ripoti mpya nikiwa nimesimama.

"Sasa unataka baniite muuaji?" aliniuliza.

"Hapana, baba. Nimeandika kwamba ulitoa amri isiyo yako, na kwamba mimi, mwenye kazi ya kuikataa, sikuikataa."

"Mi niliona mama anakufa."

"Najua, baba."

Aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yamezeeka. Nikatoka, nikapeleka karatasi ofisini, wakaipokea, wakapiga muhuri. Mume wangu hajaniambia neno tangu adhuhuri.

Saa nane tulikutana darasani kwangu, kikundi chote, na wale wapya watatu. Mvua ilipiga mabati hata nikalazimika kusoma kwa sauti kubwa. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye sentensi ya Bahati kuniangalia, niliinua macho nimtazame Amisi, kwa sababu Bahati alinidai angalau hilo, kutogeuza uso.

Amisi alisimama. Alivua jile lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya dawati.

"Mi nilisemea kaka yangu mabaya mbele ya hawa bapya," alisema. "Na we ulikuwa pale, Mwalimu. Ulikuwa unanisikia."

Akatoka mvuani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha polepole, kama tunavyofanya penye wagonjwa.

Niliomba wachague shefu mwingine. Wamemchagua Josefina, anayeongoza mstari wa ndoo. Hapana mtu aliyenishukuru wala kunilaumu. Walipotoka, mmoja baada ya mwingine, walisema tu, "Tutaonana, Mwalimu," na sikuweza kupima uzito wa maneno hayo.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Sijajisikia mwepesi. Ila kitu kimoja kimebadilika: tangu jana, Bahati akinijia, simwambii tena kwamba hakungoja.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, kuna mazoezi. Josefina ataamuru nami nitatii. Kabla hatujaanza nitamwomba ruhusa ya dakika chache, nikae na wale wapya watatu, niwaeleze Bahati wa Swima alikuwa mtu wa namna gani.

Kisha jioni nitakwenda kwa Amisi. Pengine hatafungua. Nitabisha, nitasema jina langu, nitangoja.