Sufuria Yangu Juu ya Boneti

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mapema, mawingu yametanda.

Asubuhi nimetafuta sufuria yangu kubwa nyumba nzima. Kumbe ile supachaja ya kuipa injini nguvu, uliyoitoa kwenye gari la ajali, haikuenea chini ya boneti, ukatoboa boneti, na tundu ukalifunika kwa sufuria! Hata kuniuliza? ~~Ifungue leo leo.~~

Nikampeleka binti yako shule nimenuna. Kile kilima ambacho kila siku tunashuka garini tukasukuma, gari limekipanda likiunguruma, binti anapiga makofi. Nikajikuta nacheka.

Sufuria ibaki hapo hapo. Usiulize tutapikia nini.

Nimerudi kuchukua mkoba tu. Wewe leo nenda kazini kwa miguu, gari nimelichukua.

Mkeo, mwenye sufuria