Kanda Tatu za Rafu ya Chini

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo kaja mwanamke na daftari. Kalamu mbili, na kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Bosi kamtembeza kila chumba, kamfungulia hadi choo chenye kufuli, ambacho sisi wenyewe tunakiombea ufunguo. Eti anaandika historia ya kampuni. Miaka thelathini ya kusambaza filamu! Kitabu chenye jalada gumu.

Historia gani inaandikwa kwa kuhesabu rafu? Nilimwona kwa macho yangu. Kidole kinakwenda, midomo inacheza. Huyu ni mtu wa uhamiaji, au wa kodi. Nikajifanya napanga maboksi.

Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akauliza linaandikwaje. Miaka kumi na minne niko hapa, na hajatokea mtu wa kutaka kujua linaandikwaje. Hata karatasi ya mahudhurio wameandika "Stoo" tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Karudi. Safari hii kakaa juu ya boksi, mbele yangu, kinasa sauti katikati yetu kama mtoto aliyelala. Kataka nimsimulie kampuni ilikotoka.

Nikamwambia yale anayoyajua kila mtu. Bosi alianza na deki mbili za video kwenye banda la gari la mjomba wake. Filamu ya kwanza ilikuwa ile ya mkuu wa stesheni. Aliitengeneza mwalimu mmoja wa sekondari kwa kamera ya kuazima. Wasambazaji wakubwa waliikataa — haina ngumi, haina mapenzi, treni lenyewe halifiki! Bosi akairudufu mwenyewe, akaizungusha kwa baiskeli, duka moja la kukodisha kanda baada ya jingine. Watu wakaipenda. Ndiyo ikawa kampuni. Zikaja gari mbili, zikaja diski, wakaja wezi wa diski, ikaja simu. Sasa tuko watano na feni moja.

Akauliza: na kanda mama za hiyo filamu ziko wapi? Maana kanda mama ndizo za asili, nakala zote zinazaliwa humo.

Sikulipenda swali lile. Lilikuja polepole mno. Nikamwambia, dada yangu, muulize bosi, mimi ni mtu wa kubeba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bosi kaniletea chai stoo. Kwa mkono wake! Sukari kaweka mwenyewe. Nikaitazama ile chai mpaka ikapoa.

Akasema: yule mama akikuuliza kanda za mwalimu, sema ziliharibika na ukungu. Nikasema sawa bosi.

Lakini ukungu gani? Ukungu ule niliutoa mimi. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu hapa, masika mabaya, rafu ya chini yote imeota nywele nyeupe. Bosi alikuwa safarini. Akapiga simu, akasema: zile tatu za mwalimu zifute kabla sijarudi. Nikazifuta. Kitambaa na spiriti, siku nzima, pua inawasha. Zikatakata. Fundi wa mashine za kurudufu alikuwa ameniachia maboksi mapya ya kuzirudishia, nikazirudisha. Sasa ukungu uliharibu nini?

Jioni nimempigia mama watoto huko kwetu, ng'ambo ya mpaka. Nikamweleza yote. Akacheka. Anasema mimi namshuku hata anayenisalimia. Halafu sauti ikabadilika: na huyo mwandishi, mzuri? Nikasema sijamwangalia. Akasema, haya, umemhesabia kalamu lakini hujamwangalia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bosi kaniita ofisini. Karatasi moja, imechapwa. Ni maelezo yangu kwa ajili ya kitabu, ameniandikia ili nisihangaike. Niweke sahihi tu.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini nasoma. Nasoma polepole, na kidole. Kidole kikafika mstari wa nne: "Kanda mama za filamu ya kwanza ziliharibika kutokana na uzembe wa kibarua wa stoo."

Nikausoma tena. Nikamwuliza, bosi, kibarua gani? Akasema ah, si mtu, ni namna ya kuandika tu, jina lako halimo. Jina halimo! Kampuni hii haijawahi kuwa na kibarua wa stoo zaidi yangu. Wajukuu wangu watakuja kusoma jalada gumu kwamba babu yao aliua filamu.

Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo.

Bosi akatabasamu. Akasema kibali changu cha kazi kinaisha Desemba, yeye ndiye anayeniandikia barua, si nakumbuka? Nakumbuka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Fundi, yule wa mashine za kurudufu. Amestaafu, anatengeneza redio barazani kwake. Sikumwamini hata yeye — nilizunguka kwanza kwenye habari za magoti yake na za mvua. Kisha nikamwuliza: zile kanda za mwalimu, nilipozifuta, nilikosea wapi?

Akasema: hukukosea, ulizipitisha kwenye sumaku, zikafutika, basi.

Sumaku ipi? Mimi nilizifuta kwa kitambaa.

Fundi kaniangalia. Kashusha bisibisi. Halafu kaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, mkewe akatoka ndani na mwiko kuuliza kuna nini. "Huyu bwana! Kaambiwa afute, kafuta!"

Ndipo akanieleza. Mwalimu alikuwa amekuja mara tatu kudai kanda zake mama. Bosi hakutaka zitoke. Zikitoka, kampuni imebaki na nini cha kujisifia? Akaona bora zisiwepo kabisa. Mashine ya sumaku, ile inayofuta picha kwenye kanda, Fundi aliiacha juu ya meza kwa makusudi, na yale maboksi alishayabandika lebo "TUPU" kabla hajaenda likizo. Hakutaka dhambi ile mikononi mwake. Akaniachia mimi.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia? Akasema, nilijua umeelewa. Kila mtu alijua nimeelewa!

Miaka kumi na moja. Bosi kamwapia mwalimu kwamba hazipo. Na zipo. Zimekaa kwenye maboksi ya "TUPU", na kanda siku hizi nani azifungue?

Sijui nifurahi au niogope. Nimeogopa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeangalia. Zipo zote tatu. Nimezigusa, nimezirudisha, nimenawa mikono kama mwizi.

Mwandishi alikuja saa tano. Nikamwuliza yeye ni nani hasa, nani kamtuma. Hakukasirika. Akasema katumwa na bosi, ila juzi kaenda kumwona mwalimu. Mzee, yu hai. Mwanamke wa tiketi kwenye ile filamu, anayekaa dirishani na kumcheka mkuu wa stesheni, alikuwa mkewe. Alishafariki. Picha zake za ukutani mwalimu anazo, lakini akitembea, akicheka, hana popote; nakala za kukodisha zilishachakaa zote. Mwalimu anasema sauti ya kile kicheko imeanza kumtoka akilini.

Labda ni kweli. Labda ni chambo. Mtu akitaka kunikamata asingetunga hadithi nzuri kuliko hiyo.

Sikumwambia. Nimekuja chumbani nikatazama video za watoto wangu kwenye simu, mpaka chaji ikaisha.

Jumatano, 15 Oktoba

Bosi: kesho saa sita nimkabidhi funguo za stoo. Vitu vya zamani vyote vinachomwa, nyumba ipate hewa kabla ya sherehe ya kitabu. Na karatasi niiweke sahihi, miwani au bila miwani.

Nimempigia mwandishi. Namba yake aliniandikia juu ya boksi. Nikasema njoo kesho saa nne, bosi huwa hajafika. Sikusema zaidi. Hakuuliza. Sijui kama hilo ni jambo jema.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika nyuma ya orodha ya mizigo, juu ya goti. Niko stoo. Nimefunga komeo kwa ndani.

Bosi kafika saa tatu na nusu! Kabla ya wakati wake. Nani kamwambia? Fundi? Mkewe mwenye mwiko? Mwandishi mwenyewe?

Kagonga. Nani humo? Nikasema mimi. Unafanya nini? Kanda zilikuwa mapajani, kitambaa mkononi, vumbi la juu nilikuwa nalitoa kweli. Nikasema: nafuta, bosi.

Akauliza kwa sauti ya chini: zipi?

Za mwalimu.

Nikamsikia anapumua karibu na tundu la ufunguo. Hakuniuliza zimetoka wapi. Hakushangaa zipo; kumbe kaambiwa kweli. Akasema tu: haya, ndugu yangu, maliza. Ndugu yangu! Na akasema barua ya kibali ataiandika leo leo, nisiwe na wasiwasi.

Kavuta kiti. Kakaa mlangoni.

Kanda ni nzito kidogo kuliko nilivyokumbuka. Zote tatu nimezifunga ndani ya shati langu la akiba. Dirisha lina nondo, hakuna pengine pa kutokea ila pale alipokaa.

Gari. Mlango wa gari. Ni yeye — visigino vyake navijua sasa. Saa nne kamili.

Bosi anamsalimia vizuri sana. Anamkaribisha ofisini. Mwandishi anauliza niko wapi. Bosi anasema sikuja leo, naumwa.

Mwandishi hajaondoka. Humu stoo tunaingia peku, kwa ajili ya vumbi.

Anasema: na hivi viatu vyake hapa?

Nimesimama. Nina kanda kwapani na mkono wa pili uko kwenye komeo, naandika kwa kuegemeza karatasi kwenye ubao wa mlango, na huko nje wote wawili wamenyamaza, nadhani wanaisikia kalamu