Mashine Isiyotulia Sakafuni

Jumatatu, 2 Juni 1952
Makasia themanini kabla ya uji. Kufika sitini mashine, ile ya mazoezi ya kupiga makasia nchi kavu, ilikuwa imegonga ukuta. Kama jana. Nikivuta, miguu yake ya chuma inatambaa juu ya sakafu ya udongo na mimi nimekaa juu yake kwenye kiti cha kuteleza. Nikijaribu kuizuia nakaza mguu mzima, goti bovu linapumzika. Hakuna faida.

Mashine aliniachia mzungu aliyekuwa msimamizi wetu wa reli, alipokwenda kwao. Alisema itanirudishia goti. Niliumia Machi, nikitia kuni kwenye injini. Daktari wa reli ataniangalia tarehe 27. Goti likikataa, kazi basi.

Mzee Sudi, fundi cherehani wa jirani, ananiita nahodha wa Ng'ambo, mtaa wetu. Kila asubuhi anauliza nimefika wapi. Ukutani, namjibu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetandika ngozi ya ng'ombe chini. Vibaya zaidi. Nimeweka magunia mawili ya mchanga mbele. Yamesogea pamoja na mashine, moja likapasuka.

Mke wangu Zuhura amefagia mchanga. Hasemi nami ila la lazima, tangu Februari. Ndipo binti yetu Hawa alipokufa kwa homa, akiwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa Kigoma na treni. Maiti hangojwi, walizika alasiri ile ile. Nilirudi kesho yake nikaonyeshwa tuta. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Nikijipapasa ndani sioni kitu.

Jumamosi, 7 Juni
Leo nimetumia akili. Nimechimba mashimo manne, nikasimamisha vigingi vya mbao za sanduku, nikafunga miguu ya mashine kwa kamba ya katani. Nikashindilia kwa udongo wa kichuguu, kama wanavyofanya mafundi wa sakafu. Niliuchukua mwenyewe nyuma ya makaburi, kichuguu kibichi, udongo laini, rahisi kuchimba.

Zuhura alisimama mlangoni akaangalia ndoo. Akausugua udongo kidogo kwa vidole, akaondoka.

Jumatano, 11 Juni
Mia na hamsini. Haikusogea hata kidole. Goti linauma, maana yake linafanya kazi. Mzee Sudi alipita akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu limeshavunjika, la mkuu nitalisikia baadaye.

Alhamisi, 19 Juni
Kasia la ishirini, kigingi kimekatika. Cha pili nacho. Nikaanguka chali. Nimevichomoa vyote: ndani ni mchwa watupu. Wameanza na mbao ya mashine pia.

Zuhura ni mzaliwa wa shamba, kwao ni kijiji cha Ntalikwa. Leo ndipo amesema. Udongo wa sakafu huchukuliwa kwenye kichuguu kilichohamwa. Mimi nimeleta kilicho hai, nimewakaribisha wenyewe nyumbani. Na kigingi huwa cha mninga, mti ambao mchwa hawauli. Hayo kwao mtoto anajua. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Akasema sikumuuliza.

Siku nane zimebaki. Goti limevimba. Nina hasira, lakini ya mbali, kama ya mtu mwingine.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeanza tena bila vigingi. Kufika thelathini, tayari ukutani. Nikairudisha. Tena ukutani. Mara ya tatu Zuhura akaja na ungo wa karanga, akaketi juu ya mbao ya mbele, mgongo kwangu, akaanza kumenya. Mashine ikatulia.

Makasia mia mbili.

Jumatatu, 23 Juni
Mia mbili na hamsini. Amekuja kila siku. Nikivuta, kilemba chake kinatikisika kidogo. Anasubiri nimalize ndipo ainuke. Jana alimaliza karanga mapema, akakaa tu.

Jumanne, 24 Juni
Leo hakuja. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Nikamwambia zimebaki siku tatu. Akajibu:

"Ukipona, Baba Hawa, utaondoka tena."

Hajaniita hivyo tangu mazishi. Ni kweli nitaondoka. Nje ya injini sijui kazi nyingine, na nikiwa kwenye injini sifikirii kitu. Hilo sikumwambia. Nilirudi ndani nikavuta peke yangu mpaka ukutani, nikabaki hapo hapo, paji la uso kwenye udongo.

Jumatano, 25 Juni
Amekuja. Ameketi akiwa amenielekea. Hakubeba ungo. Mikono imeshika mbao pande mbili.

Nilipofika mia nilishindwa kumwangalia. Nikaangalia magoti yangu. Nilipoinua macho yeye bado alikuwa ananiangalia.

Mia tatu.

Ijumaa, 27 Juni
Daktari alinichuchumaza mara kumi, akanipandisha ngazi na gogo begani. Goti halikutetereka. Ameandika kwamba nafaa. Zamu yangu ni Jumatatu, treni ya Kigoma.

Nilirudi kwa miguu, polepole, ingawa sasa naweza kwenda haraka. Zuhura alikuwa anakandika sakafu pale vigingi vilipochimbiwa. Nikamwambia nimefaulu.

"Najua," akasema. "Si mimi niliyeishika mashine?"

Akaendelea kulainisha udongo kwa kiganja. Kisha mkono ukasimama, akaanza kulia, hapo hapo, amepiga magoti. Nikapiga magoti na mimi, goti bovu kwanza, nikatia mkono kwenye ndoo. Tumemaliza kona yote ile kabla ya adhuhuri. Haijakauka bado.