Panya Waliokula Likizo Yangu

Kitisuru, Nairobi
Jumatano, baada ya kuanika nguo

Mayi mpendwa,

Mulembe. Mulembe kwako, kwa Nafula wangu, na kwa kila anayeota moto jikoni mwako. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma inasaidia, au umempa jirani tena? Ng'ombe amezaa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini roho inachemka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako wewe unaiweka sauti ya juu mpaka jogoo wanaitikia. Nikikuambia jambo, boma zima limesikia, na Nafula ndiye wa kwanza. Barua hii ataileta Wafula, mtoto wa mjomba, yule fundi wa mbao wa Dagoretti Corner, maana anakuja nyumbani Jumamosi. Isome mwenyewe. Vaa miwani, kaa chini, na usimpe mwalimu jirani akusomee.

Mayi, siji nyumbani Krismasi.

Najua. Niliahidi Pasaka nikakosa, nikaahidi Agosti nikakosa. Nafula aliniambia kwa simu kwamba akisimama tena barabarani na gauni lake la kanisa mpaka jua litue bila mimi kushuka, hatasimama tena maishani mwake. Ana miaka minane tu, lakini akisema amesema; huyo ni wewe mtupu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ukiuliza ni nini kimenizuia safari hii, jibu ni panya. Ndiyo, umesoma vizuri. Panya.

Tulia nikueleze.

Unamjua Shiru, mtoto ninayemlea hapa, aliye na umri sawa na Nafula. Tangu mwaka uanze alikuwa akililia mbwa. Mama yake akakataa, eti mbwa atachimbua maua. Wakavutana hivyo mpaka siku moja madam akasoma kwenye simu yake kwamba panya ni mnyama safi, mwerevu, tena anampenda mtu. Nilidhani ni mzaha. Jumamosi hiyo tukaingia garini hadi Kilimani, tukapanda ghorofa ya saba kwa kijana mmoja mwenye ndevu, na Mayi, kijana huyo alitufungulia mlango panya akiwa amekaa begani kwake! Nilirudi nyuma nikamkanyaga madam kidole.

"Anti, tulia," madam akaniambia. "Hawa si wale wa mtaro."

Tukarudi na wawili, kizimba kikiwa miguuni pangu njia nzima. Mweupe anaitwa Malkia. Yule wa kahawia mwenye kiraka cheupe tumboni ni Chapo. Wote ni wa kike, ashukuriwe Mungu, maana wangekuwa mke na mume saa hizi ningekuwa nakuandikia kutoka juu ya mti.

Mimi, binti wa mzee Barasa mtega fuko, ambaye watu walimletea sukari nyumbani ili aende shambani kwao! Mimi niliyejua kupinda kijiti cha mtego kabla sijajua kusuka nywele! Sasa kila asubuhi nawakatia panya matango, nawachemshia yai, naosha kizimba chao kwa siki. Ile leso ya maua mekundu uliyonipa, ilipochakaa, Shiru aliiomba akawatengenezea kitanda cha kuning'inia. Baba angefufuka leo akaona haya, angerudi kaburini mwenyewe bila kusukumwa.

Haya, sikiliza kosa langu, maana kosa ni langu na sitalificha. Yale makaratasi laini ya kutandika kizimbani yaliisha. Madam alikuwa na mikutano, akasema tutanunua wikendi. Wikendi ikafika akasahau, nami nikajiona mjanja. Jumapili baada ya kanisa nikaenda Dagoretti Corner kwa Wafula. Oda za Krismasi zimembana, hata Jumapili hapumziki. Nikamkuta anapiga randa mbao za mwerezi, karakana nzima inanukia. Nikajaza gunia la maranda. Si nyumbani vifaranga tunawatandikia maranda? Si wewe mwenyewe huweka kipande cha mwerezi kwenye sanduku la blanketi ili nondo wasiingie? Tena nikajiambia, Suleimani alimjengea Mungu hekalu kwa mwerezi, panya ni nani akatae kuulalia?

Wafula alicheka mpaka akakaa chini. "Nekesa, mimi mwenyewe silali kwa kitu inanukia hivi!"

Siku ya tatu Chapo akaanza chafya. Siku ya nne kifua kilikuwa kinalia, na asubuhi yake nikaona wekundu puani. Shiru akapiga kelele: "Anti, anatoka damu! Chapo anakufa!" Tukakimbia naye kwa daktari wa wanyama. Daktari hakumshika hata kumshika kwanza. Alinusa kizimba, akauliza, "Nani ametandika hii?" Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasema ule wekundu si damu, panya akiugua machozi yake huwa hivyo. Na harufu ileile inayofukuza nondo ndiyo imemchoma Chapo mapafu. Malkia ameponea chupuchupu kwa sababu yeye hulala juu kwenye leso.

Madam hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tulipofika getini akasema kwa upole, "Anti, dawa ni mara mbili kwa siku, wiki tatu. Sisi tunaenda Pwani Krismasi, tiketi zilishalipwa. Unaelewa lazima ubaki nao, si ndio?"

Nikasema naelewa. Ulimi wangu huu, Mayi! Kila mara unasema naelewa kabla moyo haujaulizwa.

Sasa niseme lile ambalo sijakuambia. Mwezi uliopita Nafula alipochukua simu yako alisema, "Halo, Anti." Akajirekebisha upesi, akasema Mama. Ni kwa sababu kila tunapoongea humsikia Shiru nyuma yangu akiniita hivyo. Nilicheka, tukaendelea na habari za shule. Simu ilipokatika nikaingia bafuni, nikafungua mfereji, nikalia.

Kwa hivyo nina hasira. Nina hasira na panya, na Wafula na mwerezi wake, na madam na Pwani yake, na zaidi ya wote nina hasira na huyu Nekesa aliyejifanya anajua. Watu wa mtaa huu wote wanafunga mizigo waende ushago, mashambani kwao, hata bawabu wa geti la pili amepewa siku kumi. Mimi nimepewa panya. Ngoja, saa ya dawa imefika. Nitaendelea kesho.

Alhamisi

Mayi, jana nilikuachia hapo, na ni heri sikufunga bahasha, maana mengi yametokea.

Chapo hakubali kushikwa na mtu mwingine. Madam alijaribu, akaumwa kidole. Kwangu mimi anaingia ndani ya sweta, anatulia kifuani, nami namdondoshea dawa mdomoni huku nikimtukana polepole kwa Lubukusu. Nikwambie ukweli? Akipumua vizuri, nafurahi. Usimwambie mtu.

Basi jana tulikuwa jikoni, Shiru amekaa juu ya kaunta na kitabu chake cha panya. Nikamwambia, "Shiru, tutafute kisanduku tumtenge Chapo, mwenzake asimsumbue."

Mtoto akashtuka. "Zii, Anti! Hawezi kaa peke yake. Kitabu inasema panya akiachwa peke yake anakuwa na huzuni, hata anaacha kukula. Lazima akuwe na mtu wake."

Madam alikuwa anajitengenezea kahawa. Akaongeza, bila hata kugeuka, "Ni ukweli, Anti. Ndio maana tulichukua wawili. Kuchukua mmoja ingekuwa ukatili."

Mayi, sijui ni nini kilinipanda. Miaka minne sijawahi kuinua sauti katika nyumba hii. Nikasema, "Mama Shiru, Nafula amekaa bila mtu wake miaka minne."

Usinielewe vibaya, mama yangu. Najua yuko mikononi mwako, na hakuna mikono mizuri kuliko hiyo, mimi mwenyewe ilinilea. Lakini ndivyo yalivyonitoka.

Madam akageuka na kikombe chake. "Lakini ako na shosho yake, si ndio?" Alimaanisha wewe, nyanya yake.

"Ako na kukhu yake," nikajibu. "Na Chapo ako na tango na yai."

Kisha Shiru akauliza, "Nafula gani? Yule wa simu? Si ni dada yako mdogo?"

Miaka minne, Mayi. Nimemwogesha mtoto huyu, nimemfundisha kufunga kamba za viatu, najua ni jino gani linalotikisika sasa hivi. Na hajui mimi ni mama wa mtu. Nikamwambia Nafula ni mtoto wangu, ni wa umri sawa na wake, na yeye pia ana jino linalotikisika, lile la mbele upande wa kushoto uliloniambia wewe, Mayi. Shiru akaniangalia, akamwangalia Chapo ndani ya sweta yangu, akauliza, "Sasa akitaka mamake, anafanyaje?"

Nilimrudisha Chapo kizimbani kando ya Malkia, nikatoka kwenda kuanua nguo. Nilijua nimejifukuza kazi. Akilini nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu, nawaza kama begi bado lina zipu.

Ijumaa asubuhi

Madam alinifuata kambani leo kabla ya kwenda ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kukosa usingizi au kwa nini. Akaniambia, "Anti, kwani hukuwahi niambia unataka kuwa na yeye?"

Nilitaka kucheka. Nilisema Pasaka. Nikasema Agosti. Nikasema tena Novemba, nimesimama palepale kwenye sinki, akaniambia tutaona. Nikamkumbusha zote tatu.

"Si ungesisitiza," akasema.

Nisisitize! Mayi, nilishika kibanio cha nguo mpaka kikavunjika mkononi. Halafu akasema, "Mlete. Akuje akae hapa na wewe, hata sisi tukirudi abaki mpaka shule zifunguliwe. Shiru ameshatoa godoro, hataki kusikia lingine."

Nikasema asante, kwa sababu ulinifundisha kusema asante. Lakini sikupiga goti, na hasira yangu haijaisha, wala sitaki iishe haraka. Mwaka mzima nimeomba kwa mdomo wangu sikusikika. Panya amepiga chafya, nyumba nzima imeamka.

Sasa Mayi, nakuomba neno zito. Wafula anarudi Nairobi Jumatano. Mpe Nafula. Najua nakuachia nyumba kimya siku ya Krismasi, na kuku utakayechinja utamla na nani? Nisamehe. Nimewaza hili tangu madam aondoke na sijapata njia nyingine. Mwambie ndugu yangu anayechunga ng'ombe ahamie kwako wiki hizo, na ruhusa ya kuja kwako Pasaka, safari hii sitaomba, nitasisitiza, kama nilivyofundishwa.

Umfungie sweta, huku Kitisuru miti ni mingi na asubuhi kuna baridi. Nywele usimsuke, nitamsuka mwenyewe. Na tafadhali kagua mfuko wake kabla hajaondoka. Yule mtoto alijifunza kutega kwa marehemu babu yake, na mara nyingine hulala na ile mitego. Akija nayo hapa, tutafukuzwa wote wawili. Habari za panya mwelezee polepole, umwambie ni wa kufugwa, si wa kuliwa na paka. Hataamini, lakini mwelezee.

Nisalimie mke wa mchungaji, anayeniombea, umwambie maombi yamejibiwa kwa njia ambayo hata yeye hataweza kuihubiri. Nisalimie ndugu yangu, nisalimie mama wa duka la pale kwenye daraja, na huyo mwalimu jirani pia, ingawa najua ameshakuuliza barua inasema nini.

Lakini Mayi, Nafula akikataa, usimlazimishe. Usimkemee, usimwambie mamako anateseka. Nimemdanganya mara mbili, ana haki ya kukataa. Mwambie tu maneno haya kama yalivyo. Mwambie safari hii yeye hatasimama barabarani. Nimeshamuuliza Wafula, basi lao linafika saa kumi jioni. Dawa ya Chapo nitampa mapema, na kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa nimesimama pale stendi, nimevaa gauni langu la kanisa, namngoja. Hata jua likitua kabla hajashuka, atanikuta.

Ni mimi mwanao Nekesa,
mama yake Nafula.